Fonda au taquería: ule wapi Mexico City

Chakula cha mwananchi wa kawaida Mexico City kina milango miwili mikubwa. Mmoja ni fonda, mkahawa mdogo unaopika chakula cha mchana kama kinavyopikwa nyumbani. Mwingine ni taquería, mahali pa kula taco, yaani tortila (mkate bapa wa mahindi) iliyowekewa nyama. Kote kuwili mara nyingi ni kazi ya familia: mama yuko kwenye masufuria au baba yuko kwenye moto, kijana anabeba sahani, shangazi anapokea pesa.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, fonda ni mama ntilie aliyepata paa, meza sita na vitambaa vya plastiki vyenye maua. Taquería iko karibu zaidi na pale pa mishikaki jioni: moto mbele, watu wamesimama, kila mtu na sahani yake mkononi. Wageni wengi hukimbilia taco kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Sisi tunasema hivi: ukiwa na nafasi ya mlo mmoja tu katika jiji hili, nenda fonda. Taco imeshasafiri, utaikuta Houston, Chicago, hata Dubai, nzuri au mbaya. Fonda haijasafiri, maana inategemea mama mmoja, soko la jirani na wateja wale wale wanaorudi kila siku.

Lakini zipo saa na hali ambazo taquería ndiyo jibu sahihi, na hapo mtu asibishane.

Kwanza tazama saa

Fonda ni ya mchana. Nyingi hufungua asubuhi kwa mayai na chilaquiles, vipande vya tortila vilivyokaangwa vikamwagiwa mchuzi wa pilipili. Kuanzia saa 7 mchana huanza comida corrida, mlo kamili wa bei moja. Ikifika saa 11 jioni masufuria ni matupu na viti viko juu ya meza. (Hizi ni saa za Kiswahili; mlangoni utasoma 13:00 na 17:00.) Wenyeji hula mchana kwa kuchelewa, kati ya saa 8 na saa 10, kwa hiyo wakati mzuri wa kuingia ni saa 7 na nusu: vyakula vyote vipo na meza hazijajaa. Ukiingia saa 10 kasoro robo utaambiwa *ya se acabó*, kimekwisha, na utapewa kile ambacho wenzako walikiacha.

Taquería huchangamka wakati fonda inafunga. Nyingi huwasha moto jioni na kuendelea hadi saa 6 au saa 8 za usiku. Mtaa wa Narvarte una moja maarufu, El Vilsito, ambayo mchana ni gereji ya magari, jioni magari yanatolewa na nyama inapandishwa motoni. Ukiingia taquería ya namna hii mchana na ukakuta nyama iko tayari lakini moto umezimwa, ondoka. Huenda hiyo ni nyama ya jana inayosubiri kupashwa.

Jumapili sheria hubadilika. Fonda za maeneo ya ofisi hufungwa, na watu huenda kula barbacoa: nyama ya kondoo iliyofunikwa kwa majani ya mmea wa maguey na kupikwa usiku kucha ndani ya shimo, pamoja na supu yake iliyodondokea kwenye sufuria iliyowekwa chini ya nyama. Inauzwa asubuhi, na kufika saa 7 mchana mara nyingi imekwisha.

Unachopewa fonda

Mlo unakuja kwa mpangilio usiobadilika. Kwanza supu ya majimaji: mchuzi wa kuku, supu ya tambi nyembamba au ya mboga iliyosagwa. Pili ni kitu wanachokiita *sopa seca*, supu kavu, na mgeni hushangaa kuletewa wali au tambi. Tatu ni *guisado*, ambao ndio mlo wenyewe, pamoja na maharage. Tortila za moto zinakuja kwenye kikapu, zimefungwa kwa kitambaa, na zikiisha unaongezewa. Pembeni kuna jagi la *agua de sabor*, maji ya matunda, na hapa mtu wa Pwani atajisikia nyumbani: ukwaju, rozela (wao huiita jamaica) au horchata, kinywaji cha mchele uliosagwa na mdalasini. Mwisho ni kitu kidogo kitamu, kama jeli au wali wa maziwa.

Mhudumu atakuuliza kila hatua uchague kimoja kati ya viwili au vitatu. Wali unaweza kuongezewa yai la kukaanga juu kwa pesa kidogo, na tunakushauri uliombe: *con huevo*.

Ukitaka kujua kama fonda ni nzuri kabla guisado haujafika, tazama wali. Wali mwekundu wa Kimeksiko unafanana na pilau kwa namna yake. Mchele unaoshwa, unachujwa hadi ukauke, kisha unakaangwa kwenye mafuta hadi punje zigongane kwa sauti ya mchanga mkavu. Ndipo inamiminwa nyanya iliyosagwa na kitunguu na kitunguu saumu, ikachujwa, halafu mchuzi wa kuku. Kipimo ni kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya kimiminika, nyanya ikiwa imehesabiwa humo humo. Baada ya hapo mwiko hauingii tena. Mpishi mwenye haraka hufupisha kukaanga, mchele ukabaki na wanga nje, ukashikana kama bokoboko. Mpishi asiyechuja nyanya hupata wali wenye maganda na mbegu. Punje zikija zimeachana na rangi imeingia hadi ndani, jua kwamba jikoni kuna mtu makini, na mengine yatafuata.

Kwenye guisado, chagua chenye mchuzi. Milanesa, nyama bapa iliyopakwa unga wa mkate na kukaangwa, hupendwa na wenyeji, lakini ladha yake ni ile ile kila mahali. Ujuzi wa mama uko kwenye mchuzi: kuku katika mole ya kijani ya mbegu za maboga, madonge ya kima katika chipotle (pilipili iliyokaushwa kwa moshi), au pilipili kubwa ya poblano iliyojazwa jibini, ikavikwa povu la mayai na kuzamishwa katika mchuzi wa nyanya. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo kikali zaidi. Pilipili huchomwa kwanza motoni hadi ganda liwe jeusi, hufunikwa dakika 10 ili itoe jasho, humenywa, hupasuliwa ubavuni na kutolewa mbegu. Isipokauka vizuri kabla ya kuvikwa mayai, vazi linateleza ndani ya kaango na unaletewa pilipili uchi pembeni ya kiwambo cha yai.

Dalili mbaya ni menyu iliyochapwa kwa rangi, yenye picha na vyakula 60. Familia moja haiwezi kupika vyakula 60 vikiwa vipya kila siku. Fonda ya kweli ina ubao au karatasi iliyoandikwa asubuhi kwa mkono, guisado nne hadi sita, na kesho ni mingine. Masoko ya mitaa kama Mercado de Medellín, kusini mwa mtaa wa Roma, yana sehemu ya vyakula yenye vibanda vya namna hii, na mboga zake zimetoka hatua chache tu kutoka jikoni.

Unachopewa taquería

Hapa hakuna mpangilio wa mlo. Kuna nyama moja hadi tatu, tortila ndogo za upana wa sentimita 10 hadi 12, kitunguu, kotimiri (dania kwa wa Kenya), ndimu na pilipili. Unaagiza kwa idadi na aina: *dos de suadero con todo*, mbili za suadero (nyama ya ng'ombe) na vyote, maana yake kitunguu na kotimiri. Usiagize sita kwa mpigo. Taco huishi dakika mbili au tatu, baada ya hapo mafuta yanaganda na tortila inalegea. Agiza mbili, kula, agiza tena. Ukitaka tortila mbili kwa kila taco ili isipasuke, sema *con copia*.

Nyama inayowavuta wageni ni al pastor. Vipande vyembamba vya nguruwe hulowekwa kwenye pilipili kavu ya guajillo, achiote inayotoa wekundu, siki na viungo, kisha hupangwa kwenye mti wa chuma unaozunguka mbele ya moto uliosimama, na nanasi juu yake. Umbo hilo huitwa trompo, yaani pia, ile ya watoto kuchezea, na kweli linafanana nayo. Mkata nyama hodari husubiri ukingo uungue kidogo ndipo akate, vipande vianguke moja kwa moja kwenye tortila, halafu kisu kinaruka juu kukata kipande cha nanasi. Foleni ikiwa ndefu mno hukata kabla ya wakati na kumalizia kwenye bati. Si kosa kubwa, ila unakosa ule ukingo mkavu, na nyama inakuwa kama imechemshwa. Foleni ikikosekana kabisa, nyama inakauka mbele ya moto. Kwa hiyo taquería yenye watu wa wastani ndiyo bora. Ile yenye watu 80 barabarani siku ya Ijumaa tunaiacha ipite.

Suadero, kwa maoni yetu, inaishinda pastor. Ni nyama laini ya ng'ombe iliyo kati ya tumbo na mguu, karibu na ngozi, ambayo hupikwa polepole ndani ya mafuta kwa saa mbili au tatu. Tazama kikaango chake: ni sinia pana la chuma lenye kilima katikati na mfereji kuzunguka. Nyama inalala mferejini ndani ya mafuta, ukiagiza inakatwakatwa na kupandishwa kilimani ibabuke, na tortila inapitishwa kwenye mafuta hayo hayo kabla ya kuwekewa nyama. Mafuta yakiwa meusi na yanatoa moshi mkali, tafuta kwingine.

Wapo wanaosema taco ni chakula cha chini kisichostahili sifa. Mwaka 2024 taquería ndogo ya mtaa wa San Rafael, El Califa de León, iliyopo tangu mwaka 1968, ilipewa nyota ya Michelin, mwongozo maarufu wa mikahawa. Chumba chake ni chembamba, wateja hula wamesimama, na kinachouzwa ni nyama, chumvi, ndimu na tortila. Hakuna ujanja mwingine.

Tortila ndiyo hakimu wa kote kuwili

Sisi tunaokula ugali tunaweza kudhani tunayajua mahindi. Mahindi ya tortila yamepitia kitu ambacho sembe haijapitia: chokaa, aina ile ile inayotiwa kwenye tambuu. Kilo moja ya mahindi makavu huchemshwa na maji lita 2 hadi 3 na chokaa kama gramu 10, hadi ganda la punje lianze kuteleza kwa kidole. Huachwa humo usiku kucha, huoshwa na kusagwa yakiwa bado na unyevu. Chokaa hulainisha ganda, hulifanya donge lishikane, na huiachilia niasini, moja ya vitamini za B, ambayo bila hivyo mwili haupati kutoka kwenye mahindi. Mahindi yalipohamia mabara mengine bila ujuzi huu, watu waliokula mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Ndiyo sababu pia unga wa ugali hautoi tortila hata ukiukanda mpaka jasho likutoke: utapasuka pembeni.

Tortila nzuri ina harufu ya mahindi yaliyoloweshwa na doa mbili tatu za kuungua. Inapopikwa kwenye tawa hugeuzwa mara mbili. Upande wa kwanza ni sekunde kama 20 hadi ukingo uachie, wa pili karibu dakika moja, ikirudishwa inatuna kama chapati iliyokolea moto. Ikinata, tawa lilikuwa baridi au donge lina maji mengi. Ikipasuka ukiikunja, donge lilikauka au tortila ni ya jana.

Hapa fonda na taquería hutofautiana sana. Fonda nyingi hununua tortila asubuhi na mchana kwenye mashine ya jirani, na si vibaya, mradi zifike zikiwa za moto. Fonda yenye mwanamke anayezipiga kwa mkono mlangoni ina faida kubwa juu ya zote. Taquería hupasha tortila za kununua kwenye mafuta, na mafuta hufunika makosa mengi.

Pilipili, nguruwe na tumbo

Kwenye fonda pilipili huwa bakuli moja au mbili, zimetengenezwa ziendane na chakula cha siku hiyo. Kwenye taquería kuna nne au tano, na rangi hudanganya. Nyekundu ya kung'aa inaweza kuwa pole, kumbe kijani laini unayodhani ni parachichi ni pilipili ya serrano iliyosagwa na mafuta, wakati mwingine bila parachichi hata tone. Dondoshea kwenye ukingo wa tortila, onja, ndipo umwage. Ukiuliza *¿pica?*, inawasha?, na ukajibiwa *poquito*, kidogo, kumbuka kwamba aliyejibu amekula pilipili tangu utotoni.

Kwa asiyekula nguruwe, mahali pa hatari zaidi ni taquería. Al pastor imetokana na shawarma iliyoletwa na wahamiaji wa Lebanoni, na mtu wa Mombasa au Muscat akiona nyama inazunguka motoni anaweza kuagiza bila kuuliza. Umbo ni la shawarma, nyama ni nguruwe. Longaniza ni soseji ya nguruwe, na mara nyingi inalala kwenye mfereji mmoja na suadero, kwa hiyo hata nyama ya ng'ombe inaogelea katika mafuta hayo. Kisu na ubao wa kukatia ni vile vile.

Fonda si salama kabisa, lakini mpishi yupo na anajua alichotia. Uliza maswali mawili: *¿lleva puerco?*, ina nguruwe?, na *¿lleva manteca?*, ina mafuta ya nguruwe? Maharage ya kuchemshwa, *de la olla*, mara nyingi hayana, ila yaliyopondwa na kukaangwa, *refritos*, mara nyingi yanayo. Tamale, donge la mahindi lililofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke, pia. Nyama iliyochinjwa Kiislamu usiitarajie popote kati ya kuwili huku, hivyo mwenye kushika hilo ategemee samaki, mayai, jibini na nopales, majani ya dungusi kakati yaliyopikwa. Ijumaa za Kwaresima fonda hujaa samaki na vitumbua vya kamba, na huo ni msimu mzuri kwake. Asiyekula nyama kabisa akumbuke kwamba wali karibu kila mara umepikwa kwa mchuzi wa kuku.

Kuhusu tumbo, wageni hulaumu maji, lakini fonda na taquería nyingi hutumia maji yaliyosafishwa ya madumu ya lita 20. Kinachowaumiza zaidi ni pilipili zilizokaa wazi juani, kachumbari ya asubuhi na nyama iliyopoa. Taquería nzuri huvika sahani mfuko wa plastiki unaobadilishwa kila mteja, na anayeshika pesa hashiki chakula. Mtu mmoja akifanya yote mawili bila kunawa, endelea na safari.

Bei, na nani aende wapi

Comida corrida ya mtaani hugharimu takriban peso 80 hadi 130. Taco moja huanzia peso 15 hadi 30, na mtu mzima hushiba kwa nne au tano na kinywaji. Kwa hiyo pesa inakaribiana, ila fonda inakupa supu, kiti na saa nzima ya kupumzika. Ukiwa na wazazi, watoto wadogo au mtu anayetaka kukaa, usifikirie mara mbili. Ukiwa peke yako saa 4 usiku, au mko vijana wanne mnaotaka kuonja nyama tano tofauti, nendeni taquería. Mwenye tumbo jepesi siku ya kwanza, akiwa bado na uchovu wa ndege na urefu wa mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, aanze na supu ya fonda. Mafuta ya suadero yasubiri siku ya tatu.

Beba pesa taslimu ndogo ndogo kote kuwili. Taquería utaulizwa mwishoni umekula ngapi, na wao wanakuamini, basi hesabu vizuri. Tupa sarafu kadhaa kwenye kopo la bakshishi. Fonda hawatakuletea hesabu mpaka uiombe, *la cuenta, por favor*, kwa sababu kuileta mapema kunahesabika kama kumfukuza mgeni, na bakshishi ni asilimia 10. Ukipita kati ya meza kuelekea mlangoni, waambie wanaoendelea kula *provecho*. Watakuitikia *gracias* bila kuinua macho kwenye supu.